Sekunde Nane za Mama Yangu

Nianze na kosa langu, maana nikianza na sifa zake nitajificha humo humo. Nilimwaibisha Mwalimu mchana kweupe, ukumbini Kaisho, watu wamejaa hadi mlangoni. Nililivuta shuka lake la picha likaanguka chini, nikamwita mwongo. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mvi kichwa kizima, na hakunijibu hata neno moja. Ilinichukua miaka sita kwenda kumwomba radhi, na nataka kueleza kwa nini nilikwenda na nilichokikuta huko. Ila lazima kwanza mumjue, la sivyo mtasema namlilia mzee yeyote tu.

Jina lake silitaji. Walimu huku kwetu ni wengi, lakini ukisema "Mwalimu" halafu ukanyamaza, kila mtu kuanzia Kaisho mpaka Bugomora alijua unamsema yule wa shuka. Alinifundisha darasa la nne. Alipostaafu tulidhani atatulia kwenye kibanja chake, apalilie kahawa na kugombana na nyani kama wastaafu wengine. Wapi! Alitukusanya watu saba, wengi wetu wanafunzi wake wa zamani ambao tayari tulikuwa na watoto, akatuambia anataka tucheze michezo ya jukwaani ambayo nyuma ya mchezaji kuna picha, na picha zenyewe zinatembea. Tulicheka. Mmoja akamwuliza, "Mwalimu, si ndiyo video hiyo?"

"Video unakaa unaitazama," akasema. "Hii utaingia ndani."

Kitu hicho alikuwa amekiona Bukoba, kwenye semina ya walimu, vijana wanacheza ngoma na majani ya mwanga yanawadondokea mabegani. Tangu siku hiyo hakupata usingizi wa maana, mkewe ndiye aliyetuambia enzi za uhai wake. Kompyuta alinunuliwa na watoto wake, ilikuwa imekwishatumika na mtu mwingine mpaka herufi zimefutika. Projekta aliazima parokiani, ya zamani, inanguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Picha ziliangukia shuka jeupe lililofungwa kwa kamba, na kila kitu kingine kilitoka mkononi mwake.

Alichora kwa penseli. Karatasi ya kwanza ng'ombe ameinua mguu kidogo, ya pili ameuinua zaidi, ya tatu anaushusha. Alizibandika moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha ili mwanga umwonyeshe mstari wa chini, kisha akazipiga picha moja moja kwa simu aliyoifunga kwenye kigoda kilichopinduliwa miguu juu. Sekunde moja ilikula karatasi nane. Angependa ziwe zaidi, alisema, lakini hana mikono mingine. Ng'ombe kuvuka shuka kutoka upande huu hadi ule kulimchukua wiki mbili, na ng'ombe mwenyewe anapita wewe bado unajipangusa pua.

Na giza tulilitengeneza wenyewe. Watu wetu wanatoka mbali kwa miguu, kwa hiyo tulicheza baada ya misa ya pili, saa saba mchana, jua limesimama utosini. Wanawake walileta mablanketi, wanaume magunia ya kahawa, tukaziba madirisha yote ya ukumbi. Mle ndani mlinuka maganda ya kahawa na jasho, na watoto walipiga chafya mwanzo hadi mwisho wa mchezo. Aliyeahidi blanketi akaja mikono mitupu, Mwalimu alimrudisha nyumbani kwenda kulichukua, hata kama ni mama mkwe wa katekista.

Mchezo wetu wa kwanza ulikuwa na mvua. Alikuwa ameichora miezi miwili, matone yanapiga kwenye majani ya mgomba na kuteleza, nasi nyuma ya pazia tunatikisa mbegu kwenye ungo ili isikike. Mvua ilipoanza tu, mama mmoja wa mstari wa mbele akaruka, "Maharage yangu!" Akatoka mbio kwenda kuyaanua. Wengine watatu wakamfuata, maana nao walikuwa wameanika. Nje jua linawaka hatari. Akarudi ameshika kiuno: "Mwalimu, unanidanganya mimi mtu mzima?" Mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Kuanzia hapo maharage yakawa ndiyo kipimo chake. Ukimletea wazo la onyesho jipya alikusikiliza hadi mwisho, anatafuna punje zake za kahawa iliyochemshwa, kisha anakuuliza, "Hii itaanua maharage?" Ukisita, basi wazo lako limekufa.

Alikuwa mkali, tusidanganyane. Sifa kubwa kuliko zote kutoka kinywani mwake ilikuwa "si mbaya sana", na mimi nimeipata mara tatu katika maisha yangu, naweza kuwaonyesha nilikokuwa nimesimama. Alichokichukia kabisa ni mchezaji anayechelewa. "Picha haikusikii," alituambia. "Umesahau maneno, umejikwaa, umeanza kulia, yenyewe inakwenda. Wewe ndiye wa kuifuata." Tulihesabu hatua kama watoto wa gwaride. Siku moja nilichelewa hatua mbili, fisi wa kwenye shuka akafungua mdomo mimi sipo. "Fisi amekula hewa," akasema Mwalimu. "Rudia." Tulirudia mara kumi na nne, na nilikuwa na mimba ya miezi mitano.

Lakini mtu huyo huyo, tulipokwenda Bugomora jenereta likafa katikati ya mchezo, alifanya jambo ambalo sijaliona tena. Mablanketi yalifunguliwa, watu wakaanza kuinuka. Mwalimu akatoka nyuma ya shuka, akavua koti, akapiga magoti mbele ya umati, akaigiza ng'ombe anayezaa. Peke yake, bila neno. Mwanzoni wafugaji walicheka hadi machozi. Kisha wakaketi tena. Mzee mmoja alianza kumwongoza kwa sauti ya chini, kwa Kinyambo, lugha yetu, taratibu, kama unavyoongea na ng'ombe wako mwenyewe zizini, na alipomaliza wale watu walisimama wote. Njiani kurudi nikamwambia, Mwalimu, hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote tulivyowahi kufanya. Alinuna! "Siku mashine ilipokufa ndiyo siku nzuri? Haya, asante sana." Hakunisemesha hadi tunafika Kaisho.

Hao ng'ombe aliwapenda kwa namna iliyowashangaza hata wafugaji wenyewe. Kwao ni wakulima, hawakuwahi kufuga hata mbuzi wa kutajwa. Alikwenda nyikani kwa wafugaji na kofia yake ya majani, akakaa kutwa nzima anachora miguu. Wachungaji walimtania kwamba anahesabu kwato ili aje kuiba. Kulikuwa na mfugaji mmoja aliyekuwa na ng'ombe mwekundu wa kahawia, Bihogo, pembe zake ndefu hivi, moja imevunjika ncha, na Mwalimu alimchora huyo zaidi ya wote. Mwenyewe alikuja kila mchezo kumwangalia ng'ombe wake, amevaa suti. "Miguu yake nimeijua," Mwalimu alikuwa akisema. "Tabia yake bado ananificha."

Jambo jingine ambalo sikulielewa: alichora kila mtu, yeye mwenyewe hakukubali kupigwa picha. Ukiinua simu aligeuka. Kwenye harusi za wanawe ana mgongo tu. Nilipomuuliza alisema, "Anayechora anajua picha inaweza kusema nini." Nikadhani ni maringo ya wasanii.

Sasa mama.

Mama yangu alifariki miaka michache kabla ya mambo haya, na sikuwa na picha yake. Ile ya kwenye kitambulisho ilikuwa imefifia hadi kubaki kivuli chenye kilemba. Nilimwambia Mwalimu siku moja tukiwa tunakunja shuka, wala sikuwa naomba kitu, nilikuwa nalalamika tu kwamba nimeanza kuusahau uso wake. Akamaliza kukunja, akaenda zake. Wiki iliyofuata akaniuliza, "Alikuwa anakaaje akimenya ndizi?" Nikakaa nikamwonyesha. Akauliza kisu alikishikaje, ganda alilitupa wapi, aliinua kichwa mtu akipita au hakuinua. Aliuliza kwa miezi mitatu. Alikuwa anatunga mchezo wa binti anayerudi nyumbani kutoka mbali, anapita njia yote, anapita ng'ombe, anafika uani anamkuta mama yake anamenya ndizi. Binti ni mimi. Mama atakuwa kwenye shuka, sekunde nane.

Nilimwomba kitu kimoja tu. Mama yangu alikuwa mashoto. Kulima, kukata, kumenya, vyote mkono wa kushoto. Kwa baba walimsema maisha yake yote kwa ajili ya mkono huo. Bibi yetu alikuwa anasema mbele yetu watoto, "Huyu anasalimia kwa kulia na kuroga kwa kushoto." Wageni wakija mama aligeukia ukutani kumenya, ili wasione. Mimi nikiwa mdogo nilitamani kumng'ata bibi. Kwa hiyo nikamwambia Mwalimu, "Usije ukasahau, wa kushoto."

"Najua," akasema, na akaendelea kuchonga penseli.

Hakuniruhusu kuiona kabla. Kwenye mazoezi nilicheza mbele ya shuka tupu, nahesabu hatua, nafika, napiga magoti, nasema "Mama, nimerudi." Picha za mwisho alizimaliza asubuhi ya siku yenyewe.

Ilikuwa sikukuu ya mavuno. Ukumbi wa Kaisho ulifurika, na kamati ilikuwa imeleta makochi ya wageni wa heshima na kuyapanga mbele kabisa, pale pale ambapo siku zote huwa tunaweka meza ya mashine. Mwalimu aliwasihi. Wakamwambia mgeni rasmi hawezi kukaa nyuma ya projekta. Basi akaibeba mashine akaiweka upande wa pili, nyuma ya shuka, imulike kutoka huko. Hatukuwahi kufanya hivyo, na muda wa kujaribu haukuwepo, kwaya ilikuwa imeshamaliza kuimba.

Nikaanza safari yangu. Ng'ombe wakapita. Yule mfugaji wa suti akasimama mahali pake akapaza sauti, "Huyo siye Bihogo wangu! Pembe iliyovunjika ni ya kulia! Mwalimu, umenibadilishia ng'ombe!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi nilicheka, nikiwa jukwaani, mchezaji mzima. Mungu alinipa jibu kabla ya swali, kwa mdomo wa mfugaji, nikalicheka.

Kisha akatokea mama. Jamani. Mabega yale yale, kile kichwa alichokuwa akikiinamisha kidogo kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Nilipiga magoti. Mdomo ulikuwa umeshafunguka niseme maneno yangu, ndipo nikaona kisu. Mkono wa kulia. Anamenya kwa mkono wa kulia, vizuri, kwa adabu, mbele ya mapadre na wageni rasmi.

Kilichonipanda sikijui jina. Nilisema, na sikusema, nilipiga kelele, "Huyu si mama yangu! Umemrekebisha mama yangu, Mwalimu! Umemrekebisha ili watu wasicheke!" Nikasema mengine. Nikasema ni mzee mwongo anayechora wafu ili apigiwe makofi. Nikalishika shuka kwa mikono miwili nikavuta, kamba ikakatika, likaanguka lote, na mwanga wa mashine ukawapiga watu machoni. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma pale, mkono mmoja juu ya mashine, ananitazama. Nilisubiri ajitetee ili niendelee. Hakujitetea. Niliteremka jukwaani nikapita katikati ya watu, hakuna aliyenigusa.

Kundi lilikufa siku hiyo. Mwaka uliofuata mume wangu alipata shamba Chonyonyo, tukahamia Karagwe, na mimi nikashukuru umbali. Mtu akinitajia Mwalimu nilikuwa nageuza mazungumzo. Nilikuwa na haki yangu, nimeikumbatia.

Halafu, miaka sita baadaye, nimealikwa kwenye harusi ya jirani hapa hapa Chonyonyo. Vijana wa muziki wamefunga kitambaa cheupe, projekta wameificha nyuma ili isionekane. Wakawasha. Majina ya bwana na bibi harusi yakatokea yanasomeka kinyumenyume. Watu wakacheka, wakapiga miluzi. Kijana mmoja akakimbia nyuma, akabonyeza kitu, majina yakajigeuza yakakaa sawa. Ukimulika kutoka nyuma, kumbe, kulia kunakuwa kushoto na kushoto kunakuwa kulia. Kila mtu pale alikuwa anajua. Mimi nilikuwa na sahani ya wali mapajani, na wali huo sikuumaliza. Mwalimu hakuwahi kuandika neno hata moja kwenye picha zake, alisema maandishi yana ubao wake. Lingekuwepo hata neno moja siku ile, ningejua.

Jumatatu nilipanda gari kwenda Kaisho.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti mlangoni kwake, mkwe wake anageuza kahawa kwenye mikeka. Kiharusi kilikuwa kimempata mwaka uliotangulia, upande wote wa kulia umekufa, mkono umelala mapajani kama kitu alichoombwa akishike. Maneno yalitoka polepole lakini yalikuwa yake. Nilipiga magoti. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Adventina. Umenenepa."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakapotea, nikalia tu. Nikamwambia habari ya harusi, majina, kitambaa. Nikasema, "Ulimchora wa kushoto."

"Karatasi zote sitini na nne," akasema. "Ziko ndani, kachukue ukitaka."

"Kwa nini hukuniambia? Ungesema neno moja tu, mashine imegeuka, ningekuomba radhi pale pale mbele ya watu."

Akamwomba mkwe wake atuletee uji, nikaelewa anataka aondoke. Kisha akasema, "Yule wa ng'ombe alipopiga kelele nilijua. Nilikuwa na muda wa kuzima. Lakini mama yako akatokea, na mimi niliko nyuma nilimwona wa kushoto, kama nilivyomchora. Sikuweza kuzima, Adventina. Nilikuwa namtazama. Halafu wewe ukasema nimemrekebisha."

"Nilikosea, Mwalimu."

"Ulikosea siku tu." Akauinua mkono uliokufa kwa ule mzima, akauweka sawa mapajani. "Mama yako nilimfundisha darasa la kwanza. Ulijua?"

Sikujua. Nilijua mama aliacha shule akiwa mdogo, na tukimuuliza alijibu "shule ilinishinda" na kuongea mengine.

"Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimepangiwa shule. Tulifundishwa kwamba mtoto wa kushoto ni wa kunyoosha, na mimi nilitaka kusifiwa. Nilimchapa vidole. Akiandika kwa kulia anatetemeka, nikigeuka amerudisha penseli kushoto. Basi nikamfunga. Mkono wa kushoto, kwenye dawati, kwa kamba ya mgomba. Kila asubuhi. Alikuwa ananiletea mkono mwenyewe nimfunge. Darasa la pili hakufika." Aliufuta mdomo wake uliokuwa umepinda. "Miaka yote tumekutana njiani, ananisalimia, 'Shikamoo Mwalimu', na mkono wa kulia ananipa. Nikasema nitamwambia leo, nitamwambia leo. Nilikwenda kwenye mazishi yake, nikachimba kaburi na wenzangu, sikumwambia."

Mimi sikuwahi kumwona yule mtu na fimbo, darasa zima la nne. Tulikuwa tunajisifia kwa watoto wa shule nyingine. Sasa nilikuwa naona kidole gumba cha mama kikibonyeza wino kwenye karatasi ya zahanati, ya chama cha kahawa, ya kunikabidhi mimi sekondari. Namwona amekaa na barua ya kaka yangu siku nzima, ananisubiri nitoke shamba nimsomee.

Mwalimu aliingiza mkono wake mzima chini ya mto wa kiti akatoa daftari, la mistari mikubwa, wanalotumia watoto wanaoanza. "Huu ndio mkono nilionao sasa," akasema. "Nimeanza darasa la kwanza." Nikafungua. Kurasa zote lilikuwa neno moja, jina la mama la utotoni ambalo hata baba hakulitumia. Kemilembe. Kwenye kurasa za mwanzo huwezi kulisoma, ni mikwaruzo, penseli imetoboa karatasi. Katikati herufi zinaanza kusimama. Mwisho linasomeka, limeinama, kubwa, kama la mtoto.

"Nisahihishie," akasema.

Nilimwelewa vizuri sana. Alikuwa ananitazama kama wanavyotazama watoto wangu wakileta daftari, na tiki moja ingemtosha. Mimi ndiye niliyekuja kuomba msamaha, na sasa nilikuwa naombwa, na haukuwa wangu kuutoa. Nilimpenda mzee yule. Yule kijana mwenye kamba ya mgomba nilitaka kumpata nimrarue kwa kucha. Nao walikuwa wamekaa kiti kimoja.

"Alikuwa anasemaje juu yangu?" akauliza.

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Hakuwahi kukutaja, Mwalimu."

Alitikisa kichwa, akatazama kahawa kwenye mikeka. Nikasema naondoka na daftari, nitamrudishia. Akasema sawa. Zile karatasi sitini na nne pia nilizibeba, na nyumbani Chonyonyo nilizishika ukingoni nikaziachia kwa kidole, na mama akamenya ndizi kwa mkono wa kushoto, kichwa kimeinama, haogopi mtu. Watoto wangu wakaniambia rudia. Nilirudia hadi mkono ukachoka.

Daftari nililiweka juu ya kabati. Kila siku nilifungua, nikashika kalamu, nikalifunga. Nilijiambia mama ndiye mwenye haki hiyo, mimi ni nani. Nilijiambia asubiri kidogo, mama alisubiri miaka yote. Ndiyo, hilo pia nililisema, na nalikiri hapa kwa sababu ndilo linaloniuma.

Mkwe wake alinipigia Jumanne ya wiki iliyofuata. "Mzee anauliza daftari lake."

"Mwambie bado nasahihisha," nikasema.

Alinipigia tena Ijumaa asubuhi, na kwa jinsi alivyonisalimia tu nilijua si habari ya daftari.

Nilifika msibani nimelifunga ndani ya kitenge. Wanawake walinisogezea mkeka, nikakaa pembeni ya ukuta, nikatoa kalamu nyekundu niliyoinunua stendi, nikaanza ukurasa wa kwanza. Kemilembe, tiki. Kemilembe, tiki. Hata mikwaruzo niliitilia. Walidhani naandika majina ya waliofika, mama mmoja akaniinamia akasema nisimsahau, ametoka mbali. Sijui kama mama yangu angeweka tiki hizo. Niliziweka mimi, kwa mkono wangu, machozi yananichafulia wino. Nilipomaliza ukurasa wa mwisho niliinuka nimpelekee. Jeneza lilikuwa limeshafungwa.